Kombe la Ushindi na Kombe la Bega

Kila msimu wa mashindano ya skuli unapokaribia, viwanja vya Unguja na Pemba huchangamka tangu alasiri hadi magharibi. Wasichana hurushiana mpira wa mikono, wavulana huruka na kuupiga mpira wa wavu, na pembeni wengine hujifunza kutupa mkuki, tufe na kisahani. Hilo ni jambo la kujivunia, na wazazi wanaosimama kando ya chaki wakishangilia wana haki ya kufurahi. Macho ya kila mmoja, mchezaji na mtazamaji, yameelekea kwenye kombe litakalokabidhiwa siku ya mwisho mbele ya wageni waheshimiwa.

Lakini lipo kombe jingine ambalo ni wachache wanaolitaja, ijapokuwa kila kijana amezaliwa akiwa nayo mawili. Nalo ni kombe la bega, ule mfupa mpana, mwembamba, wenye umbo la pembetatu, uliolalia mbavu za nyuma kila upande wa uti wa mgongo. Mkono wa mrushaji hupata nguvu na utulivu wake kutoka hapo. Kombe hilo likienda mrama, bega huanza kulalamika, na kijana aliyekuwa tegemeo la timu yake hukaa benchi akiwatazama wenzake.

Leo basi tumeona vyema tuwazungumzie wasomaji wetu, pamoja na viongozi wenye dhamana ya elimu, afya na michezo, juu ya kasoro za mwendo wa kombe la bega kwa vijana, na juu ya mazoezi yanayozitibu. Tumechagua jambo hili kwa sababu dawa yake inapatikana kwa gharama ndogo sana, na kwa sababu hasara ya kulipuuza huangukia wale ambao bado wana miaka mingi mbele yao.

JAMBO LINAVYOANZA

Aghalabu maradhi haya hayaanzi kwa kishindo. Kijana haanguki wala havunjiki. Wiki tatu kabla ya mashindano mazoezi huongezwa, na badala ya siku tatu huwa siku sita. Siku moja mchezaji humwendea mwalimu wake na kumwambia, "Maalim, bega laniuma ninaporusha." Naye mwalimu, ambaye hana ubaya wowote na anayemtakia mwanafunzi wake ushindi, hujibu kwamba hayo ni maumivu ya mazoezi na kwamba yatapoa yenyewe. Nyumbani mama humkanda kwa maji ya moto na kumpaka mafuta. Maumivu hupungua, kijana hurudi uwanjani, nayo maumivu hurudi pamoja naye.

Hapo ndipo pa kutanabahi. Maumivu yanayopoa kwa mapumziko na kurejea kila mara mchezo unaporejea yanatuambia kwamba chanzo chake hakijaguswa. Kukanda kumelituliza bega, lakini hakukuifundisha misuli kazi yake. Na kijana mwenyewe, kwa kuogopa kuachwa katika timu, hujifunza kuficha. Hubadili namna ya kurusha, hutumia kiwiko zaidi, hupandisha bega hadi karibu na sikio, na kwa kufanya hivyo huzidisha kosa lililokuwepo.

Wala tusisahau kwamba katika visiwa vyetu mkono wa kijana haupumziki mchezo unapomalizika. Mkono uo huo ndio unaochota maji kisimani, ndio unaopalia shambani, ndio unaovuta kamba za dau na ndio unaonyooshwa juu kuchuma karafuu wakati wa mavuno. Mwalimu huhesabu saa moja na nusu ya uwanjani tu, ilhali bega huhesabu siku nzima.

KAZI YA KOMBE LA BEGA

Ili tufahamu dawa, hatuna budi tufahamu kwanza chombo chenyewe. Kombe la bega halikushikizwa kifuani kwa mifupa, isipokuwa mahali padogo juu ya bega ambapo linakutana na mtulinga. Kwengineko kote linashikiliwa na nyama tu. Misuli 17 imejishikiza katika mfupa huu, mingine ikitoka shingoni, mingine mgongoni, mingine mbavuni, na mingine ikienda mkononi. Kwa hiyo kombe huteleza juu ya mbavu, likapanda na kushuka, likazunguka, na likainamia mbele au nyuma kwa kadiri misuli inavyolivuta.

Mabaharia wetu watalielewa jambo hili upesi. Mlingoti wa jahazi husimama wima kwa sababu kamba zake huvutana kwa kiasi kutoka pande zote. Kamba moja ikilegea na ya upande wa pili ikikaza mno, mlingoti huinama, na tanga, hata liwe jipya, halishiki upepo ipasavyo. Kombe la bega ndilo mlingoti, mkono ndio tanga, na misuli ndiyo kamba.

Mwaka 1944 mabingwa watatu wa California, Inman, Saunders na Abbott, walichapisha uchunguzi wao juu ya mwendo wa bega. Walieleza kwamba mkono unapoinuliwa hadi juu kabisa, yaani kiasi cha digrii 180, hauinuki wenyewe. Kwa kukadiria, digrii 120 hutokana na kiungo cha mkono na bega, na digrii 60 zilizobaki hutokana na kombe linalozunguka juu ya mbavu. Kwa maneno mengine, katika kila hatua tatu za kuinua mkono, mbili ni za mkono na moja ni ya kombe. Kombe lisipotoa fungu lake, mkono hulazimika kulilipa, na kano zilizo baina ya mifupa hubanwa na kuchubuka.

Misuli miwili inastahili kutajwa peke yake. Wa kwanza umekaa ubavuni chini ya kwapa, umeshikamana na mbavu kwa vipande vilivyochongoka kama meno ya msumeno. Huu hulivuta kombe kwenda mbele na kulibana lisibanduke mbavuni. Wa pili umetandaa mgongoni kutoka kisogoni hadi chini ya mbavu, mfano wa tiara wanalorusha watoto, nao una sehemu tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Sehemu ya juu hupenda kufanya kazi kupita kiasi, na ya chini huelekea kuzembea. Huo msuli wa meno ya msumeno ukichoka, na ile sehemu ya chini ya tiara ikizembea, ukingo wa ndani wa kombe hutoka nje kama ubawa wa kuku, na mkono unaposhushwa kombe huruka kwa ghafla badala ya kuteremka taratibu.

Sababu nyengine huongezeka juu ya hizo. Msuli mdogo wa kifuani unaoshikamana na kombe kwa mbele ukikaza, hulivuta kombe liiname mbele. Mwanafunzi anayeketi saa nyingi ameinamia daftari, au siku hizi simu, hujijengea mgongo wa kupinda, na mgongo uliopinda hauliachii kombe nafasi ya kwenda vyema. Mtulinga uliovunjika ukaunga vibaya nao waweza kuwa sababu, kadhalika mshipa wa fahamu ulioumia.

UCHOVU NDIO ADUI

Kuna taarifa moja ya mwaka 2011 ambayo kila mwalimu wa michezo angefaa kuifahamu. Wachunguzi waliwatazama waogeleaji wa mashindano 78, wote wakiwa hawana maumivu na makombe yao yakienda sawa kabla ya kuingia majini. Zoezi lilipofika robo yake tu, kiasi cha 37 katika kila 100 walikuwa tayari wameonyesha kasoro. Zoezi lilipomalizika walikuwa wamefika 82 katika kila 100. Vijana hao hawakuugua kwa zoezi moja. Walichoka, na misuli iliyochoka iliacha kulishika kombe.

Fundisho lake li wazi. Mwalimu anayewazidishia wanafunzi wake mitupo hamsini zaidi baada ya misuli kuchoka hawaongezei ustadi. Anaufundisha mwili wao kurusha kwa mwendo mbovu. Nchini Marekani, ambako watoto hucheza besiboli kwa wingi, shirika la Little League liliweka tangu mwaka 2007 kikomo cha mitupo kwa mrushaji wa kila umri kwa siku moja. Mtoto wa miaka 11 au 12 hazidishi mitupo 85 katika siku, na baada ya mitupo mingi hulazimika kupumzika siku kadhaa. Sisi hatuchezi mchezo huo kwa wingi kama wao, lakini bega la mtoto ni lile lile.

Hata hivyo, hatupendi kuwatia wazazi hofu isiyo na msingi. Kasoro ya mwendo wa kombe si ugonjwa kwa nafsi yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba miongoni mwa wanamichezo wanaorusha au kupiga kwa mkono ulioinuliwa, kiasi cha 61 katika 100 walikuwa nayo, na miongoni mwa wanamichezo wengine kiasi cha 33. Wengi wao hawakuwa na maumivu yoyote. Tafiti nyengine zimeona kwamba mwenye kasoro hii yuko karibu zaidi na maumivu ya baadaye kuliko asiye nayo, na nyengine hazikuliona hilo. Basi mtu asikimbie hospitali kwa kuliona kombe moja liko chini kidogo kuliko la pili, kwani mkono unaotumika zaidi aghalabu hutofautiana na mwenzake. Lakini kasoro ikikutana na maumivu, au na udhaifu wa kurusha, hapo panahitaji kushughulikiwa.

NAMNA YA KUTAZAMA

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Mchezaji husimama, mtazamaji akawa nyuma yake. Kila mkono hushika uzito mdogo: kwa kijana asiyefikia kilo 68, uzito unaotumiwa na wataalamu ni kiasi cha kilo moja na nusu, nao ni sawa na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Huinua mikono kwa mbele hadi juu akihesabu tatu, huishusha akihesabu tatu, na hurudia mara tano. Kisha hufanya vivyo hivyo kwa upande. Mtazamaji huangalia kama ukingo wa kombe unabanduka mbavuni, kama bega linakimbilia sikioni, na hasa kama kombe linaruka wakati wa kushusha.

Hapa twataka kusisitiza jambo la stara. Mgongo lazima uonekane, la sivyo hakuna kitakachotambuliwa. Kwa hiyo msichana atazamwe na mwanamke, mahali pa faragha, mama yake au mwalimu wa kike akiwepo, na avae vazi jepesi linaloacha sehemu ya juu ya mgongo tu. Jambo hili likipangwa kwa heshima hakuna mzazi atakayelipinga. Likifanywa ovyo, wasichana wataendelea kuficha maumivu yao, nao ndio wengi katika mpira wa mikono na netiboli.

Mtabibu wa viungo huongeza jaribio jengine. Kijana anapoinua mkono unaomuuma, mtabibu huisukuma ncha ya chini ya kombe kwa mkono wake, kwenda juu na nje. Maumivu yakipungua papo hapo, ni dalili kwamba kombe lina sehemu yake katika tatizo, na kwamba mazoezi ya kulirekebisha yana matumaini.

MAZOEZI YENYEWE

Tiba hii imejengwa kwa hatua, na kila hatua huandaa inayofuata. Wa kuruka hatua hurudi alikotoka.

Hatua ya kwanza ni ya miguu na kiwiliwili. Wengine watastaajabu kuambiwa kwamba mwenye bega bovu aanze kwa kuchutama na kupanda ngazi, lakini mtaalamu wa Marekani, Daktari W. Ben Kibler, ambaye maandishi yake ya mwaka 1998 juu ya kombe la bega yanasomwa hadi leo, ameonyesha kwamba kiasi cha nusu ya nguvu ya mpigaji wa tenisi hutoka miguuni na kiunoni. Miguu ikizembea, bega hubeba mzigo usio wake. Katika hatua hiyo hiyo kijana hujifunza kusimama wima na kuyavuta makombe yake polepole kwenda nyuma na chini, pasi na kupandisha mabega.

Hatua ya pili ni ya kunyoosha misuli iliyokaza. Kijana husimama mlangoni, mkono wa mbele akauegemeza kwenye mwimo, kiwiko usawa wa bega, kisha huenda mbele hatua moja mpaka ahisi kifua kinavutika. Hukaa hapo sekunde 30 na kurudia mara tatu. Kwa nyuma ya bega, huuvuta mkono wake kifuani kwa mkono wa pili, kwa muda uo huo.

Hatua ya tatu, iliyo kiini cha tiba, ni ya kutia nguvu. Zoezi la awali ni la ukutani. Kijana hushika ukuta kwa viganja, viwiko vimenyooka. Bila ya kukunja viwiko, huacha kifua kizame baina ya mabega hata makombe yakaribiane, kisha husukuma mpaka makombe yaachane na mgongo wa juu ujae. Hili huuamsha ule msuli wa meno ya msumeno. Baada ya wiki kadhaa hulifanya akiwa amepiga magoti sakafuni, na mwisho kwa vidole vya miguu, kama apigaye pushapu.

Mazoezi manne mengine yalitangazwa mwaka 2007 na Ann Cools na wenzake wa Ubelgiji, baada ya kupima ni mwendo gani unaoiamsha sehemu ya kati na ya chini ya tiara, huku sehemu ya juu ikitulia. La kwanza, kijana hulala kwa ubavu usiouma, hukunja kiwiko cha mkono wa juu, huweka kanga iliyokunjwa baina ya kiwiko na ubavu, na huinua kiganja kuelekea dari bila ya kiwiko kuondoka. La pili, akiwa amelala vivyo hivyo, huupeleka mkono ulionyooka kutoka ubavuni kwenda mbele na juu, sambamba na sakafu. La tatu, hulala kifudifudi ukingoni mwa kitanda au benchi, mkono ukining'inia, na huuinua kwa upande hadi usawa wa bega, kidole gumba kikitazama juu. La nne, katika mlalo huo huo, huuvuta mkono nyuma hadi usawa wa nyonga.

Juu ya hayo huongezwa zoezi la kuvuta mpira, mfano wa apigaye makasia. Skuli isiyo na mipira maalumu inaweza kukata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli na kuufunga kwenye nguzo. Kila zoezi hufanywa mara 10 hadi 15, duru tatu, siku tatu kwa wiki. Mkono hurudishwa polepole, kwani kurudisha ndiko kunakofundisha breki, na bega la mrushaji huumia mno wakati wa kufunga breki baada ya mpira kuondoka. Usumbufu mdogo unavumilika. Maumivu makali, au yanayoamka naye siku ya pili, ni amri ya kupunguza.

Hatua ya nne ni ya kurejea mchezoni. Kwanza mitupo michache ya karibu, kisha mingi ya karibu, kisha ya mbali, na nguvu zote mwisho kabisa. Kwa jumla safari hii huchukua baina ya wiki 6 na 12. Kijana na mzazi waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, kwani wengi huacha wiki ya tatu, maumivu yanapopungua na misuli ikiwa bado haijapata nguvu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha bega hakijazwi kwa siku saba.

Je, tiba hii yafaa kweli? Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba mazoezi ya kombe hupunguza maumivu na huurejeshea mkono kazi yake. Kama yanabadili hasa mahali pa mfupa wenyewe, ushahidi wake ni dhaifu zaidi, nasi hatutaki kuahidi lisilothibitishwa. Juu ya kinga, mfano bora umetoka Norway. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, timu 45 za ngazi ya juu za mpira wa mikono, zenye wachezaji 660, ziligawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilifanya mazoezi ya bega, kombe na mgongo kwa dakika kiasi cha 10, mara tatu kwa wiki, ndani ya muda wa kupasha mwili moto. Hatari ya matatizo ya bega katika fungu hilo ilipungua kwa asilimia 28. Wale walikuwa watu wazima na mahodari, nao watoto wetu si wao. Lakini dakika 10 hizo hazikugharimu chochote, na samaki mkunje angali mbichi.

PASIPOFAA KUNGOJA

Yapo mabega ambayo hayafai kuanzishiwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Kombe lililotoka nje ghafla baada ya kuanguka, baada ya kubeba mzigo mzito au baada ya maradhi, huenda ni dalili ya mshipa wa fahamu ulioumia. Ganzi mkononi, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, homa, uvimbe, au mkono usioinuka kabisa, yote hayo ni ya hospitali. Na kwa mtoto anayekua, hasa baina ya miaka 11 na 16, maumivu ya juu ya mkono wakati wa kurusha yanaweza kutoka kwenye sehemu laini ya mfupa inayorefuka. Sehemu hiyo ikiumizwa, dawa yake ya kwanza ni kuacha kurusha kabisa, pengine kwa miezi. Anayemlazimisha mtoto wa namna hiyo acheze fainali anauchezea mfupa ambao bado haujamaliza kujijenga.

Kukanda na kuchua kwa wazee wetu hatukudharau. Mkono wenye huruma hutuliza, na utulivu una thamani yake. Tunachoomba ni kwamba kuchua kusiwe mwisho wa safari, na kwamba bega lililoteguka au kuumia kwa kishindo lisivutwe na yeyote kabla ya kupigwa picha.

WAJIBU WETU

Serikali imetumia fedha nyingi katika viwanja. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulifunguliwa upya mwaka 2023 ukiwa na sura mpya, na vijana wa visiwa vyote viwili sasa wana pahala pa kuota ndoto zao. Tunaipongeza hatua hiyo. Lakini jukwaa zuri halimponyi mchezaji, na zege halichoki kama inavyochoka misuli ya mtoto wa miaka 14.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu. Kwanza, wizara zinazohusika na elimu, afya na michezo zikubaliane kwamba dakika 10 za mazoezi ya bega na kombe ziwe sehemu ya kupasha mwili moto, mara tatu kwa wiki, katika kila skuli yenye timu ya mpira wa mikono, wavu, netiboli, kuogelea au michezo ya kutupa. Pili, katika kila skuli hiyo afundishwe mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume namna ya kutazama na kuongoza mazoezi, kazi ambayo yaweza kuanzwa kwa semina ya siku chache. Tatu, mtabibu wa viungo apangiwe zamu ya kuzitembelea wilaya kabla ya msimu wa mashindano, ili mzazi wa Micheweni au wa Makunduchi asilazimike kulipa nauli na kupoteza siku nzima kwa ajili ya maelezo ya robo saa. Nne, wapangaji wa mashindano wasirundike michezo mitatu ya mchezaji mmoja katika siku mbili kwa kuwa tu marikebu ya kurudi imekwisha kukatiwa tikiti.

Kwa waalimu tunasema: mtoto anapowaambieni bega lamuuma, mshukuruni kwa kusema, kisha mpunguzieni mitupo. Mkimkemea leo, kesho hatasema. Kwa wazazi tunasema: ulizeni mtoto amerusha mara ngapi, kama mnavyouliza amefunga mabao mangapi. Na kwenu vijana tunasema kwamba kufanya zoezi dogo la kuchosha, peke yako, ukutani kwenu, pasipo mtu wa kukushangilia, ndiko kutakakokuweka uwanjani miaka kumi ijayo.

Wazee walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bega huzibwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kanga iliyokunjwa, chupa ya maji na subira. Ukuta wake hujengwa kwa safari za hospitali, kwa upasuaji, na kwa kijana wa miaka 20 asiyeweza kutundika nguo kambani wala kuchuma karafuu za babu yake. Tunagombea kombe la ushindi kila mwaka, na mwakani litakuwepo jengine. Kombe la bega halitolewi mara ya pili, nalo tumekabidhiwa sote tulilinde.